Je, wajua kwa nini "rugby league" si ligi ya raga?

Kwa miaka mingi niliamini "rugby league" ni ligi ya raga, kama tunavyosema ligi kuu ya soka. Hata niliposoma kwamba Mfaransa Jean Galia aliacha raga akaingia huko, nilidhani amehama timu tu. Kumbe ni mchezo mwingine kabisa, wenye wachezaji 13 kila upande, si 15. Hapa aliyeangushwa akiwa na mpira hagombaniwi pale chini. Anaachiwa, anasimama, anauweka mpira ardhini, anauburura nyuma kwa unyayo, mwenzake anauokota na safari inaendelea. Neno "ligi" liliugandia mchezo wenyewe kwa sababu chama chake cha Uingereza kilijiita hivyo mwaka 1922.

Michezo hii miwili iliachana kwa ajili ya ujira. Mchukulie kibarua anayelipwa kwa siku. Jumamosi akienda uwanjani, siku hiyo haihesabiwi. Akivunjika mguu, nyumbani unga unakatika. Wakili akicheza mechi ileile hapungukiwi kitu. Wachimba makaa na wafanyakazi wa viwandani kaskazini mwa Uingereza walikuwa vibarua hao. Klabu zao hazikudai mshahara wa kucheza, zilidai kufidia siku iliyopotea tu. Wakuu wa raga wakagoma: huu ni mchezo wa ridhaa, unachezwa bila malipo! Tarehe 29 Agosti 1895, klabu hizo zikakutana hotelini Huddersfield zikajitenga. Idadi ya 13 ilikuja mwaka 1906.

Galia, aliyeichezea Ufaransa mara 20, alikwama kwenye kanuni hiyohiyo. Mwaka 1933 alifungiwa kwa tuhuma za kukiuka ridhaa, na tuhuma ni tuhuma. Machi 1934 akawaongoza wenzake kwenda Uingereza kujifunza mchezo mpya; walifungwa karibu mechi zote, ila waliifunga klabu ya Hull. Aprili 6 chama cha Ufaransa kikazaliwa, na mwaka uliofuata klabu yake, Villeneuve, ikawa bingwa wa kwanza. Mwaka 1937 alianzisha Toulouse Olympique.

Desemba 1941, katikati ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Ufaransa chini ya Pétain, iliyoshirikiana na Wajerumani, ikakivunja chama hicho na kutwaa mali zake. Galia alifariki mwaka 1949 akiwa na miaka 43. Mchezo ulikuwa umefufuka baada ya vita, lakini Ufaransa iliulazimisha kuitwa "mchezo wa watu 13" tu, na jina la raga haukurudishiwa hadi miaka ya 1990.