Daftari Limeandika Kidole, Gunia Limesahaulika

Msimu mmoja wa korosho niliingia kwenye ghala moja hapa Mtwara kwa ukaguzi. Mlangoni kulikuwa na kibao kinachohesabu siku zilizopita bila ajali, na hesabu ilikuwa imezidi 200. Ndani makuli walikuwa wanapanga magunia, shehena imeshapita kimo cha watu wawili. Sijamaliza kuandika jina kwenye daftari la wageni, gunia la juu likateleza na kutua pu! mahali alipokuwa amesimama kijana mmoja muda mfupi tu kabla. Watu wakaguna, mzee mmoja akasema "Mungu mkubwa", kazi ikaendelea.

Nikaomba daftari la ajali. Tukio la mwisho lilikuwa kidole kilichokatwa na bati. Kilifungwa plasta, mwenyewe akarudi kazini saa ileile, ndiyo maana kibao hakikurudi sifuri. Kuhusu gunia hapakuwa na aliyeona cha kuandika, kwa kuwa hakuna aliyeumia.

Tupige hesabu kidogo. Gunia la korosho ghafi lina kilo 80 hivi. Likianguka kutoka mita 4 linafika chini na nguvu ya jouli 3,100 (jouli ni kipimo cha nishati). Nyundo ya nusu kilo ikikuponyoka kutoka mita moja inafika na jouli 5. Yaani gunia lile limebeba nguvu zaidi ya mara 600 ya nyundo inayokuvimbisha kidole cha mguu. Kijana alipona kwa hatua mbili, wala si kwa sababu ghala lilikuwa salama.

Kuhesabu vidonda vidogo ili kuzuia vifo ni desturi ya karibu miaka mia. Mwaka 1931 H. W. Heinrich, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya bima ya Travelers huko Marekani, aliandika kwamba kwa kila ajali moja kubwa kuna ndogo 29 na matukio 300 yasiyojeruhi mtu. Mwaka 1969 mtaalamu mwingine wa usalama, Frank Bird, akapitia ripoti za ajali zaidi ya milioni 1.7 akaja na hesabu yake: kwa kila jeraha kubwa 1 kuna madogo 10, ajali 30 za kuharibu mali na matukio 600 yasiyodhuru chochote. Mchoro wa piramidi uliotokana na hesabu hizo umefundishwa dunia nzima, na mimi mwenyewe nimeuchora ubaoni mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Watu wakaelewa kwamba ukipunguza mikwaruzo ya chini, kilele nacho kitapungua chenyewe.

Watafiti waliofuatilia suala hili miaka ya karibuni wameona mambo hayaendi hivyo. Katika nchi nyingi zenye viwanda, majeraha madogo yameshuka sana huku vifo vikishuka polepole au kukwama. Sababu inaeleweka: kinachokata kidole si kinachoua. Uingereza, kati ya Aprili 2023 na Machi 2024, wafanyakazi 138 walikufa kwa ajali kazini. 50 walianguka kutoka juu na 25 waligongwa na vyombo vinavyotembea. Ukiwakataza watu kukimbia kwenye ngazi za ofisi utapunguza vifundo vya miguu vilivyoteguka, lakini fundi aliye juu ya mirunda hujamgusa.

Mfano unaouma zaidi ni wa Deepwater Horizon, mtambo wa kuchimba mafuta katika Ghuba ya Meksiko. Tarehe 20 Aprili 2010 wakubwa wa kampuni walikuwepo mtamboni, na moja ya sababu ilikuwa kuwapongeza wafanyakazi kwa miaka saba bila ajali ya kumfanya mtu ashindwe kufika kazini. Usiku huo kisima kililipuka, wakafa watu 11. Kibao chao kilikuwa kizuri kuliko cha ghala letu.

Kwa hiyo swali la kuuliza asubuhi kazini ni hili: leo ni wapi penye nguvu ya kuua, na kati yake na mtu pana nini? Nguvu zenyewe si nyingi, nazo Mtwara na Lindi tunazifahamu. Kuna uzito ulioko juu: magunia ghalani, mzigo kwenye winchi bandarini, na mtu mwenyewe akiwa juu ya mnazi au paa. Kuna mwendo: malori ya makaa ya mawe yanayorudi nyuma huku tingo anapita. Kuna umeme, kuna presha ya gesi, na kuna mkanda wa mashine ya kusaga usio na kava.

Jibu linalonikera kulisikia ni "tutawanunulia helmeti". Helmeti nzuri, wavae, lakini haizuii kilo 80. Katika taaluma yetu vifaa kinga huwekwa mwisho kabisa. Kwanza unajiuliza kama hatari inaweza kuondolewa: shehena ishushwe, ipangwe kwa ngazi, magunia yapishane kama matofali. Isipowezekana, watenge watu na hatari, wapagazi wapate njia yao ambayo lori haliingii. Maelekezo na vibao hufuata, kwa sababu hutegemea mtu akumbuke, na saa tisa mchana kwenye joto la Desemba kukumbuka ni kazi.

Hapo ndipo linapokuja neno "uzembe". Heinrich alidai asilimia 88 ya ajali husababishwa na vitendo vya wafanyakazi, na waajiri wakalipenda mno dai hilo. Kasoro ni kwamba alitegemea ripoti za ajali zilizoandikwa na wasimamizi. Ni msimamizi gani atakayeandika kwamba yeye ndiye aliyeagiza shehena ipande mpaka darini?

Tafiti za leo hurudi nyuma kidogo kabla ya kosa. Tarehe 6 Julai 1988, kwenye mtambo wa Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, watu 167 walikufa. Mchana mafundi walikuwa wameondoa vali ya usalama ya pampu moja ili ifanyiwe matengenezo, na mwanya ukazibwa kwa muda. Habari hiyo haikuwafikia wa zamu ya usiku. Pampu ya pili ilipogoma, wakawasha ile ya kwanza, gesi ikavuja. Waliowasha walifanya kilichoonekana sahihi kwa walichokijua. Mkoa wenye gesi ya Mnazi Bay na mtambo wa Madimba una sababu ya kukumbuka kisa hiki, ingawa dawa yake inafaa hata karakana ndogo: anayetengeneza mashine aifungie swichi kwa kufuli, ufunguo akae nao mfukoni, na zamu zikabidhiane ana kwa ana mbele ya mashine.

Gunia linalokosa mtu lingetufundisha mengi kama lingeandikwa. Lakini kibarua wa siku anajua kwamba akilalamika kesho hapangiwi, kibarua kimeota nyasi. Na pale wafanyakazi wanapoahidiwa zawadi kwa "siku bila ajali", hata aliyeumia huficha. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 inataka wafanyakazi wawe na wawakilishi wao wa usalama, nami nashauri daftari la matukio kama lile la gunia washike hao, bila jina la aliyetoa habari.

Nimeacha shimo mwisho kwa makusudi, maana linaua kwa jozi. Kisima, karo la choo, tangi, ngama ya jahazi yenye samaki waliooza: hewa yake inaweza kuwa na gesi yenye sumu au kukosa oksijeni, na anayeingia huzimia bila kupata muda wa kupiga kelele. Mwenzake huruka kumfuata. Mwaka 1986 taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ilitahadharisha kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu kama hizo walikuwa waokoaji. Kamba ya kumvuta anayeingia ifungwe mwilini mwake kabla hajashuka, ncha nyingine ifungwe juu kwenye kitu kisichong'oka, na anayebaki juu aambiwe mapema, mbele ya wote, kwamba mwenzake akinyamaza yeye anavuta na kuita watu, hashuki.