Chapa za mbao za kiaroskuro ni nini?

Kiaroskuro, yaani mwanga na giza kwa Kiitalia, ni namna ya kuchapa picha kwa mbao kadhaa zilizochongwa, kila ubao ukiwa na kiwango chake cha rangi ileile. Tuseme picha ni ya kahawia. Ubao wa kwanza unachapa kahawia hafifu, wa pili kahawia iliyokolea, wa tatu giza lenyewe pamoja na mistari ya nyuso na mikunjo ya nguo. Karatasi ni moja, inachapwa mara tatu, na kila mara sharti ikae palepale. Ikisogea kidogo tu, kivuli cha pua kinahamia shavuni.

Mwanga je? Wino mweupe hautumiki. Pale panapotakiwa kung'aa, begani kwa mtakatifu au ukingoni mwa wingu, mchongaji anauchimba ubao wa rangi hafifu ili pasishike wino, na weupe wa karatasi unabaki wazi. Kwa hiyo anachokichonga hasa ni mwanga.

Wajerumani ndio waliotangulia: Hans Burgkmair na Lucas Cranach walikuwa wakichapa hivi kabla ya 1510. Hata hivyo, mwaka 1516 mchongaji wa Italia, Ugo da Carpi, aliiomba serikali ya mji wa Venice imlindie haki ya kile alichokiita njia mpya ya kuchapa. Hapo alitia chumvi. Lakini kuna jambo alilolisogeza mbele kweli. Kwa Wajerumani, ubao wa mistari mara nyingi uliweza kusimama peke yake kama picha kamili; katika kazi bora za Ugo, ondoa rangi hafifu na mwili wa mtu unasambaratika.

Itazame chapa yake ya 1518, Kifo cha Anania, iliyotokana na ubunifu wa mchoraji Raphael kwa ajili ya mazulia ya ukutani ya kanisa la Sistine huko Vatican. Ni kisa cha Matendo ya Mitume sura ya 5: Anania, aliyeficha sehemu ya fedha za kiwanja, ameanguka mbele ya mitume. Chini ya picha kuna onyo kwa Kilatini kwamba atakayeichapa bila idhini atatengwa na Kanisa, kwa amri ya Papa Leo X na mtawala wa Venice. Picha ya mdanganyifu, na onyo kwa wadanganyifu!

Karne mbili baadaye, mchongaji Mwingereza John Baptist Jackson aliishi Venice akinakili kwa njia hii michoro ya wachoraji wa zamani Titian, Tintoretto na Veronese, mingi ikiwa ya makanisani. Mwaka 1745 alitoa mkusanyo wa michoro 17. Alikandamiza kwa nguvu hadi karatasi ikabonyea na kuinuka, kiasi kwamba taa ikimulika kutoka ubavuni unaona vivuli juu ya vivuli.

Mmoja kati ya michoro aliyoinakili, kuuawa kwa Mtakatifu Petro Mfiadini (mtawa, si yule mtume) uliochorwa na Titian, uliteketea kwa moto mwaka 1867. Chapa ya Jackson, pamoja na nakala za wengine, bado inaonyesha muuaji alivyosimama, mwenzake Petro anavyokimbia, na nuru inavyoshuka kupitia mitini. Rangi alizotumia Titian haisemi.