Wageni wanaohamia visiwani na mazingira: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Unguja imejaa watu wa nje, ndiyo maana mazingira yameharibika.

Sensa ya 2012 ilihesabu wakaazi 1,303,569 Zanzibar nzima. Ya 2022 ikakuta 1,889,773. Wengi wa walioongezeka ni watoto waliozaliwa hapa hapa, na wengine wamevuka kutoka Bara. Aliyetoka Tanga akapanga Mwanakwerekwe hajahama nchi. Mtalii wa wiki moja naye si mhamiaji: mhamiaji wa kimataifa ni aliyebadili nchi anayoishi, kwa kawaida kwa mwaka au zaidi. Makundi haya huchanganywa, kisha lawama akabebeshwa Mkenya wa mapokezi hotelini.

Dhana: Wahamiaji wote wana mzigo mmoja.

Wapi! Utafiti wa Nungwi, Kiwengwa na Jambiani uliotolewa 2012 ulikuta kaya ikitumia kama lita 93 za maji kwa siku, chumba cha nyumba ya wageni lita 686, na chumba cha hoteli ya nyota tano hadi lita 3,195. Mpishi kutoka Nairobi aliyepanga chumba kijijini Paje anachota ndoo kama jirani zake. Mgeni aliyejenga jumba lenye bwawa la kuogelea anaishi kihoteli. Bwawa la mita 4 kwa 8 likishuka milimita 5 tu kwa jua, lita 160 zimekwenda siku hiyo, na hakuna aliyeoga.

Dhana: Mgeni akichimba kisima ndani ya ua wake, hagusi maji ya mtu.

Hii ndiyo yenye madhara zaidi. Chini ya mawe ya pwani ya mashariki, maji ya mvua yameelea juu ya maji ya bahari. Kwa kanuni, kila mita 1 ya maji baridi (yasiyo na chumvi) iliyo juu ya usawa wa bahari imebebwa na mita kama 40 chini yake. Pampu ikishusha maji nusu mita na hali hiyo ikadumu, mpaka wa chumvi unaweza kupanda mita 20. Ukuta wa ua hauzuii hilo, na jirani ataonja chumvi hata kama hana pampu.

Kosa la kawaida ni pampu kubwa inayovuta kwa nguvu saa mbili, kwenye kisima kirefu kupita kiasi. Weka pampu ndogo ivute polepole kwa saa nyingi, ijaze tangi. Pima chumvi kila mwezi, hasa mwisho wa kaskazi kabla masika hayajaanza. Ikipanda, punguza saa za pampu hapo hapo. Kuongeza urefu wa kisima ni kuifuata chumvi iliko.

Dhana: Nyumba ya kisasa yenye choo cha kuvuta haichafui.

Choo cha kuvuta kinapeleka maji mengi zaidi ardhini. Zile mita 30 zinazopendekezwa kati ya shimo la choo na kisima husaidia kwenye udongo unaochuja. Kwenye mawe yenye nyufa usizitegemee. Karo, yaani tangi la maji machafu ya choo, liwe na vyumba viwili, sakafu na kuta zisizovuja, na linyonywe tope likifika theluthi ya kina. Wako mafundi wanaoacha chini wazi "lisijae haraka". Kweli halijai, kwa sababu linamwaga. Na hapa mgeni na mwenyeji wako sawa.

Dhana: Sisi tukihama hatuachi athari.

Mtu wa Wete akihamia Maskati, Oman, anaingia kwenye maisha ya kiyoyozi, gari, na maji ya bahari yaliyosafishwa kwa nishati nyingi. Tanzania hutoa chini ya nusu tani ya hewa ya ukaa kwa kila mtu kwa mwaka. Oman ni zaidi ya tani 10. Tabia yake ni ileile, ila mitambo aliyoikuta ndiyo inayomhesabia.

Kenya ni habari nyingine. Huko wavuvi wa dago (wanaohama na kupiga kambi ugenini kwa msimu) kutoka Pemba wamelalamikiwa miaka mingi kwa nyavu za kuzungushia. Malalamiko yana msingi pale wavu unapokuwa na kina kuliko maji yenyewe: kamba ya chini yenye chubwi, yaani vizito vya wavu, hufagia matumbawe na wavu hubeba samaki wachanga. Ukitupwa nje ya mwamba, kwenye maji marefu, huvua vibua na jodari bila kugusa chini, awe anauvuta Mpemba au Mdigo.