Esta ni nini, na kwa nini asidi haiishi yote

Esta ni kampaundi inayotokea asidi ya kaboksili, yaani yenye kundi la -COOH, inapomenyuka na alkoholi na kutoa maji. Mfano unaojulikana zaidi ni wa asidi ya ethanoiki na ethanoli, ambazo huzaa ethili ethanoeti:

CH₃COOH + C₂H₅OH ⇌ CH₃COOC₂H₅ + H₂O

OH inayoingia kwenye maji hutoka kwa asidi. Alkoholi hutoa H tu. Mwaka 1938 jaribio lililotumia alkoholi yenye oksijeni-18 (oksijeni nzito kuliko ya kawaida, inayoweza kufuatiliwa) liliikuta oksijeni hiyo ndani ya esta, si ndani ya maji.

Kazi yote iko kwenye ule mshale wa pande mbili: mmenyuko huenda mbele na kurudi nyuma pia, hadi kasi hizo mbili zilingane. Huo ndio msawazo. Kisobadilika cha msawazo (zao la viwango vya esta na maji likigawanywa kwa zao la viwango vya asidi na alkoholi) hapa ni karibu 4, hivyo ukichanganya moli 1 kwa moli 1, yaani idadi sawa ya molekuli, mmenyuko hutulia asidi ikiwa imegeuka theluthi mbili tu. Kuchemsha usiku kucha hakusaidii. Matone ya asidi ya salfuriki yanayoongezwa nayo ni kichocheo: hufupisha muda, hayasogezi msawazo. Kinachousogeza ni kuzidisha alkoholi au kuondoa maji. Moli 3 za ethanoli kwa moli 1 ya asidi hufikisha asilimia 90 hivi. Moli 10, asilimia 97. Baada ya 3, faida ni ndogo ukilinganisha na ethanoli utakayolazimika kuiondoa.

Na kuiondoa kuna mitego. Esta hii huchemka kwenye nyuzi 77 za Selsiasi, ethanoli 78, kwa hiyo kukeneka (kuchemsha na kuupoza mvuke uwe kimiminika tena) peke yake hakuzitenganishi. Kwanza osha kwa sodiamu haidrojeni kabonati ili kuua asidi iliyobaki, ukifungua koki ya faneli ya kutenganishia mara kwa mara, maana kaboni dioksidi hujaa humo na kurusha kizibo. Kisha osha kwa maji ya chumvi, halafu kwa mmumunyo mzito wa kalisi kloridi, ambao huinyakua ethanoli. Ukiruka maji ya chumvi, mabaki ya kabonati yatakutana na kalisi na kufanya tope jeupe la kalisi kabonati, na tabaka mbili, la esta na la maji, hazitaachana vizuri. Kausha kwa magnesiamu salfeti isiyo na maji, ndipo ukeneke.

Usioshe kwa sodiamu haidroksidi. Hiyo huvunja esta yenyewe kuwa chumvi ya asidi na alkoholi, na safari hii hakuna kurudi: ioni ya ethanoeti haimenyuki tena na alkoholi.