Ubongo Hukisia Kwamba Jua Liko Juu

Tafuta picha ya uso wa Mwezi yenye kasoko nyingi, yale mashimo yaliyochimbwa na vimondo. Iwe ni picha ambayo mwanga unaangukia upande mmoja na vivuli vinaonekana wazi. Ishike ili mwanga huo utokee juu, itazame kwa utulivu, kisha ipindue juu chini. Kwa watu wengi mashimo hufutuka palepale yakawa vichuguu. Ukiirudisha, vichuguu vinadidimia tena.

Macho yako ni mazima. Nyuma ya kila jicho kuna retina, utando unaopokea taswira bapa isiyo na kina. Kina hicho hukisiwa na ubongo, na kivuli ni mojawapo ya dalili unazozitegemea. Lakini dalili hiyo ina maana mbili: duara lenye weupe juu na weusi chini laweza kuwa kivimbe kinachomulikwa kutoka juu, au kishimo kinachomulikwa kutoka chini. Ubongo huchukua maana ya kwanza, kwa kuwa tangu tuzaliwe nuru kubwa imetushukia kutoka angani. David Brewster, mwanasayansi wa Uskoti, aliandika kuhusu mageuko haya katika karne ya 19.

Hiyo “juu” hufuata kichwa chako kuliko ardhi unayoikanyaga. Ibandike picha ile ukutani, uipe mgongo, uiname na kuitazama kupitia katikati ya miguu yako. Itageuka kama vile umeipindua kwa mkono. Na mazoea haya hulegea. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watu waliozoezwa kwa kuona na kugusa maumbo yaliyoonekana kumulikwa kutoka upande mwingine walianza kuhamisha makisio yao.

Swala na samaki wengi wana mgongo mweusi na tumbo jeupe kwa sababu inayokaribiana na hiyo. Jua hung’arisha mgongo na kuliacha tumbo kivulini. Rangi zao hufanya kinyume, kile kivuli kinafutika, na mwili wa mviringo unaonekana bapa, usiojitenga na mandhari. Mchoraji wa Marekani, Abbott Thayer, alieleza hivyo mwaka 1896.

Mimi hupenda zaidi mfano wa makaa. Adhuhuri kukiwa hakuna mawingu, jua huangusha nuru ya luksi (kipimo cha mwanga unaoangukia kitu) zipatazo 100,000. Chumba chenye taa nzuri kina takriban 500. Karatasi nyeupe hurudisha kama asilimia 80 ya nuru inayoiangukia, makaa asilimia 4 hivi. Piga hesabu: makaa yaliyo juani yanatuma nuru mara kumi ya ile ya karatasi iliyo ndani. Hata hivyo ukitoka nje huyaoni makaa kuwa meupe. Ubongo haupimi nuru ghafi. Hulinganisha kila kitu na vilivyo jirani yake chini ya nuru ileile, ndipo weusi ukabaki weusi asubuhi, mchana na jioni.

Jioni hasa ndipo ninapowaomba watu wawe waangalifu. Mapema katika karne hiyohiyo ya 19, Jan Evangelista Purkyně, mwanasayansi wa Bohemia, eneo ambalo sasa ni sehemu ya Czechia, aliona kwamba maua mekundu yanayowaka mchana huonekana meusi kabla ya mapambazuko, ilhali majani yamekwisha kupata nuru. Jicho lina seli za aina mbili za kuonea: karibu milioni 6 za rangi, zinazohitaji mwanga wa kutosha, na zaidi ya milioni 100 za mwanga hafifu, ambazo karibu hazihisi wekundu kabisa. Jua likizama kazi huhamia kwa hizi za pili. Ndiyo maana anayetembea kando ya barabara wakati wa magharibi amevaa shati jekundu, akidhani linaonekana kwa mbali, huwa amevaa karibu jeusi machoni mwa dereva asiyemmulika bado kwa taa. Nguo nyeupe ni bora, na yenye utepe unaoakisi mwanga ni bora zaidi.

Kuhama huko hakufanyiki mara moja. Kutoka kwenye mwanga mkali, seli za gizani huhitaji kama dakika 20 hadi 30 kufikia uwezo wao wote, na kuitazama simu inayong’aa kwa muda mfupi tu hurudisha nyuma sehemu ya safari hiyo. Ukitoka usiku kwenye nyumba yenye taa kali, simama kidogo mlangoni kabla ya kushuka ngazi.