Mgonjwa "anajihudumia": Orem alimaanisha nini hasa

Kwenye kukabidhiana zamu kuna neno linapita haraka sana. Kitanda cha nne, mzee wa sukari, yuko vizuri, anajihudumia, haya kitanda cha tano. Nimelisikia Mbeya, nimelisikia Iringa, nimelisikia Njombe, na wanafunzi wakitoka fildi wanarudi nalo chuoni hivyo hivyo, wanaliandika kwenye mpango wa uuguzi halafu chini wanaweka jina la Dorothea Orem, mwenye nadharia ya uuguzi kuhusu kujihudumia. Kwa matumizi hayo maana yake ni kwamba mgonjwa anatembea, chooni anaenda mwenyewe, kijiko anashika mwenyewe, basi nesi ahamie kwa wengine. Orem hakusema hivyo, na kwa mgonjwa tofauti yake ni kubwa.

Maana yenyewe ni fupi. Kujihudumia, kwa Orem, ni yale mambo ambayo mtu anayaanzisha na kuyafanya mwenyewe ili aendelee kuishi, awe na afya na awe na hali njema. Yapo ya kila binadamu: hewa, maji, chakula, kwenda haja, shughuli na mapumziko, kuwa peke yako na kuwa na watu, kujikinga na hatari, kuishi kama wenzako. Yapo yanayokuja na hatua ya maisha, kama ujauzito, utoto, kufiwa. Na yapo yanayoletwa na ugonjwa wenyewe pamoja na matibabu yake. Hili kundi la tatu ndilo tunaloliruka kila siku.

Tuangalie wazo lilitoka wapi, maana watu wanadhani Orem alikaa ofisini akatunga maneno magumu ya kutesa wanafunzi. Alikuwa muuguzi, Mmarekani, mzaliwa wa Baltimore mwaka 1914, amefanya kazi wodini na amefundisha. Akiwa Indiana kuanzia 1949 kazi yake ilikuwa kusaidia kuinua uuguzi kwenye hospitali za jimbo, na huko akaona kitu ambacho hata sisi tunakijua, manesi wanafanya kazi nzuri kabisa lakini ukimwambia nesi akueleze uuguzi ni nini anashindwa, anaishia kutaja kazi, nachoma sindano, natoa dawa, natandika. Baadaye mwishoni mwa miaka ya 1950 akawa Washington anashughulikia mitaala ya mafunzo ya wauguzi, ikabidi ajiulize swali moja: mtu anakuwa na hali gani mpaka tuseme huyu sasa anahitaji muuguzi? Jibu lake ni kwamba, kwa sababu ya hali yake ya kiafya, mtu huyo hawezi kuendelea kujipatia huduma anayoihitaji kwa kiasi na kwa ubora unaotakiwa. Kitabu chake kikubwa kilikuja kutoka 1971, lakini mzizi ni swali hilo.

Soma tena jibu hilo polepole. Kuendelea. Kiasi. Ubora. Hakuna mahali ameuliza kama mgonjwa ana miguu ya kumfikisha bafuni.

Kwa hiyo kinachoitwa upungufu wa kujihudumia ni pengo kati ya vitu viwili, mahitaji ya mtu kwa sasa na uwezo wake kwa sasa, na pengo linaweza kufunguka bila uwezo kupungua hata kidogo. Gunia la mahindi lililokuwa linatosha watu watatu mpaka mavuno, wakija watano wengine halitoshi, na hakuna aliyeliiba. Ugonjwa unafanya hivyo hivyo, unamwongezea mtu mahitaji ambayo jana hakuwa nayo.

Sasa turudi kwa yule mzee wa sukari, tuseme anatoka Makete. Anaoga, anakula, anatembea mpaka getini kuongea na wanawe. Lakini ameanzishiwa insulini, dawa ya sindano ya kushusha sukari, na hajawahi kushika bomba la sindano maishani. Anatakiwa avute yuniti sahihi, abadilishe sehemu ya kuchoma, ajue kwamba akichoma asipokula sukari itashuka, na akianza kutetemeka na kutoka jasho ajue anywe kitu cha sukari haraka. Anatakiwa aangalie nyayo zake kila siku na asiende shamba peku. Chupa ya insulini ambayo haijafunguliwa inataka kutunzwa kwenye nyuzi joto 2 mpaka 8, na huko kwao baridi ya mwezi wa sita na wa saba inaleta barafu kwenye majani, sasa insulini ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka, nani amemwambia hilo? Huyu kwa Orem ana upungufu mkubwa pengine kuliko kijana wa kitanda cha pili mwenye mguu kwenye plasta ambaye tunamletea maji ya kuoga kila asubuhi. Na ndiye tuliyemwandika anajihudumia.

Kuna sehemu nyingine inanisumbua zaidi. Orem aligawa kazi ya muuguzi kwa mifumo mitatu. Wa kwanza nesi anafanya yote, mgonjwa hajitambui au hawezi kabisa. Wa pili wanagawana, kama mama aliyetoka kwenye upasuaji wa kujifungua, anakula mwenyewe ila kuamka kitandani mara ya kwanza unamshika. Wa tatu mgonjwa anafanya mwenyewe na nesi anamfundisha, anamwongoza, anamtia moyo. Watu wakifika huo wa tatu wanausoma kama vile hakuna nesi hapo. Jamani, huo ni uuguzi kamili. Unataka muda, unataka mgonjwa akuoneshe kwa mikono yake anavyochoma ukiwa umesimama pembeni, unataka urudi kesho umuulize tena, na asipoweza usimruhusu aondoke huku ukijisemea atajua mbele ya safari.

Na ndugu je? Wodi zetu tunazijua, manesi ni wachache na binti aliyetoka Rungwe na mama yake ndiye anamwogesha, anamlisha, anamgeuza. Kuna wanaosema nadharia ya Orem haituhusu kwa sababu huku ndugu ndio wanahudumia. Mbona ndugu yupo humo. Orem alimweka kabisa mtu mzima anayemhudumia anayemtegemea, na akasema uwezo wa huyo nao unapimwa. Mama amepata kiharusi, anameza kwa shida, binti anampa uji akiwa amelala chali kwa sababu hajaambiwa amkalishe wima, uji unaingia kwenye njia ya hewa. Anamgeuza akikumbuka, hajui kwamba tunafundisha kila baada ya saa mbili ili kidonda cha kulalia kisitokee. Upendo anao mwingi na nguvu anazo, maarifa ndiyo hana, na kumpa hayo maarifa ni kazi ya nesi. Ukiandika "ndugu wanamhudumia" ukaishia hapo, hujapima chochote.

Najua zamu ni nzito, najua usiku mmoja una wagonjwa wangapi, na simlaumu mdogo wangu aliyeko wodini. Ninachoomba ni kidogo tu kwenye ripoti. Badala ya "anajihudumia", sema anaweza nini na kitu gani bado: anaoga na kula mwenyewe, insulini anavuta kwa kusaidiwa, dalili za sukari kushuka hajazijua, mwanawe anakuja saa kumi afundishwe pamoja naye. Anayepokea zamu hapo anajua aanzie wapi. Na kwenye mtihani, ukiulizwa nadharia ya Orem, usianze na "mgonjwa aachwe ajifanyie mwenyewe", anza na lile swali la kwamba huyu mtu anahitaji muuguzi kwa nini.