Mshtuko wa moyo kwa wanawake: usisubiri maumivu makali

Mwanamke aliyepatwa na mshtuko wa moyo mara nyingi hasemi "moyo unaniuma". Husema kifua kimembana, au kuna kitu kizito kimemkalia. Husema taya linamvuta, mgongo unawaka katikati ya mabega, tumbo la juu limejaa gesi. Husema amechoka kwa namna asiyoielewa, hata kutandika kitanda kumemwacha akihema. Kisha anakunywa dawa ya kiungulia, anajilaza kidogo, anainuka kumalizia kazi aliyokuwa nayo. Huku nyuma misuli ya moyo inaendelea kufa.

Kuna jambo linalopotoshwa sana. Wengi wameambiwa kwamba dalili za wanawake ni tofauti kabisa na za wanaume. Sivyo. Kubanwa au kulemewa kifua ndiyo dalili inayoongoza kwa wote. Ila kwa mwanamke, kifua huja na msafara: pumzi kukatika, kichefuchefu au kutapika, jasho la baridi, kizunguzungu, maumivu ya shingo, taya, mgongo au mkono wowote, si wa kushoto peke yake. Msafara huo ndio unaokifunika kifua, na mgonjwa akifika hospitali anaanza kusimulia tumbo. Wapo pia wasiosikia maumivu ya kifua hata kidogo, hasa wazee na walioishi na kisukari miaka mingi, kwa sababu kisukari huharibu neva zinazopeleka taarifa ya maumivu.

Je, utajuaje kama ni kiungulia tu? Nyumbani huwezi kujua kwa uhakika. Kupata nafuu baada ya dawa ya kiungulia hakuthibitishi kwamba moyo uko salama. Dalili ikidumu zaidi ya dakika 5 ukiwa umetulia, au ikija na jasho na pumzi fupi, ichukulie kuwa ni moyo hadi vipimo viseme vinginevyo. Kubanwa kunakokuja ukipanda ngazi na kuondoka ukipumzika nako ni onyo. Nenda ukapimwe kabla hakujaanza kukujia ukiwa umekaa.

Mara nyingi chanzo ni utando wa mafuta ndani ya mshipa unaolisha moyo. Utando ukipasuka au kuchubuka, damu huganda juu yake na kuziba njia. Lakini upo mshtuko ambao hauhusiani na mafuta: ukuta wa mshipa unachanika wenyewe, damu inaingia kati ya matabaka yake na kuubana. Huu huwapata zaidi wanawake, na ni miongoni mwa sababu kubwa za mshtuko wa moyo wakati wa ujauzito na wiki chache baada ya kujifungua. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto mchanga anayelalamika kifua asiambiwe ni uchovu wa kunyonyesha, hata kama ni kijana, mwembamba na hajawahi kuwa na presha.

Dalili zikianza, piga simu ya dharura. Usiendeshe gari mwenyewe. Kaa chini, egemea, legeza nguo, acha mlango bila kufuli. Mweleze anayepokea simu kila unachosikia na umuulize kuhusu aspirini. Kama huna mzio nayo, huvuji damu na hujakatazwa na daktari, kawaida hutafunwa kidonge kimoja cha miligramu 300, au 4 vya miligramu 75. Kitafune, usikimeze kizima, ili kifanye kazi haraka. Parasetamoli haichukui nafasi yake. Ibuprofeni na diklofenaki usizitumie. Na kama mdomo wa mgonjwa umepinda au maneno hayamtoki vizuri, usimpe aspirini, kwani hicho kinaweza kuwa kiharusi.

Ukifika mapokezi, usianze na tumbo. Sema: "Nahofia ni mshtuko wa moyo, umeanza saa fulani." Kipimo cha umeme wa moyo kinatakiwa kifanyike ndani ya dakika 10. Kikitoka kizuri, bado hakijafunga mjadala. Kinaweza kurudiwa, na damu hupimwa troponini, protini inayovuja kutoka kwenye misuli ya moyo iliyoumia. Troponini huchukua saa kadhaa kupanda, ndiyo maana hupimwa zaidi ya mara moja. Ukiambiwa urudi nyumbani na dalili bado zipo, uliza kama kipimo cha pili kimefanyika.

Mgonjwa akizimia na hapumui kawaida, anza kumkandamiza kifua. Watu husita kumgusa mwanamke kifuani, na kusita huko kunagharimu maisha. Weka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, juu ya mfupa, kati ya matiti. Kandamiza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na uache kifua kiinuke kila mara. Mashine ya kushtua moyo ikifika, bandika pedi moja mbele ya kifua, chini ya mtulinga wa kulia (mfupa unaotoka shingoni kwenda begani), na nyingine ubavuni kushoto, chini ya kwapa. Sidiria ikizuia pedi kushika ngozi, isogeze au ikate.

Kwenye kinga, tungependa kila mwanamke aanze na historia ya uzazi wake, kwa sababu hapo ndipo panaposahaulika zaidi. Aliyepata presha ya mimba iliyoambatana na protini kwenye mkojo ana hatari ya karibu mara mbili ya kuugua moyo baadaye, hata kama presha ilishuka baada ya kujifungua. Kisukari cha mimba na kukoma hedhi kabla ya miaka 45 navyo huongeza hatari. Mtajie daktari mambo haya hata kama imepita miaka 20, na upime presha, sukari na lehemu (kolesteroli) mara kwa mara.

Presha haisikiki mwilini. Ipime baada ya kukaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuipishanisha, mkono mezani usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na si juu ya nguo. Pima mara 2, ukiacha dakika 1 katikati. Ikirudia kufika 140/90 au zaidi hospitalini, au 135/85 nyumbani, inahitaji matibabu.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo tayari kwenye mkate na vyakula vya kopo. Tembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki, kasi ya kuweza kuzungumza lakini si kuimba. Tumbaku iache kabisa. Mvutaji aliyefikisha miaka 35 hapaswi kutumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, bali aombe njia nyingine.

Dawa ya presha usiiache kwa sababu namba zimekuwa nzuri: ni nzuri kwa kuwa unaimeza. Ila ukipanga kushika mimba, mwambie daktari mapema. Enalaprili, lisinoprili na losartani humdhuru mtoto tumboni, na zipo mbadala zilizo salama.